Nywele za Dada Saa Moja

Saa kumi na mbili kasorobo ya jioni, msusi wa kituo cha televisheni alimfunga mtangazaji taulo jeupe shingoni, akachovya kitana katika maji ya uvuguvugu, akasubiri mhariri apite na kalamu yake nyekundu. Mji mzima ulimwita mtangazaji huyo Dada Saa Moja, kwa kuwa ndiyo saa aliyosoma habari. Mabinti walisuka alivyosuka yeye. Wachumba walipimwa kwa namna walivyotamka "kwa sasa." Mabishano ya barazani yalikatwa kwa neno moja: kasema, au hakusema.

Kila mhariri alipofuta habari, nywele za Dada Saa Moja zilirefuka. Bomba la majitaka lililopasuka lilileta vidole viwili. Hospitali kukosa dawa, shubiri nzima. Msusi alizikata, akazifagia, akazitia mfukoni. Mkurugenzi alijua, na agizo lake lilikuwa moja tu: zisizibe mtaro wa bafu.

Jumanne moja kiwanda cha mablanketi kiliungua. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, maana msimamizi alichoshwa na wanawake waliotoka kabla ya wakati. Walikufa kumi na wawili, mmoja wao mdogo wake msusi, tumbo moja. Msusi alimtambua kwa bangili, akatoka mochwari moja kwa moja hadi kazini, akafunga taulo kama kawaida.

Mwenye kiwanda ndiye aliyeidhamini taarifa ya habari. Kalamu ikapita. Nywele zikashuka mabegani, kiunoni, sakafuni, zikapenya chini ya mlango hadi nje, ambako mlinzi aliziruka na kikombe chake cha chai.

"Isome, dada," msusi alisema. "Mdogo wangu alikuwa humo."

Dada Saa Moja alimtazama kupitia kioo. "Nikiisoma leo, kesho atasoma mwingine."

"Na asome."

"Pole sana," alisema mtangazaji, kwa ile sauti yake ya habari za misiba. Hakuwa na nyingine.

Msusi akaweka mkasi mezani. Hakukata hata unywele mmoja. Saa moja ilipofika, Dada Saa Moja alisoma habari za uzinduzi wa daraja na za mpira, nywele zimejaa studio, mpiga picha amezama hadi magotini kama mtu aliye majanini. Kila mtu aliona. Msusi alidhani sasa watu watauliza.

Waliuliza zinauzwa wapi. Wiki haikuisha, nywele za bandia za kufika sakafuni zilikuwa zimekwisha madukani, na wanawake walipita barabarani wamezikunja mkononi kama nguo za kuanika.

Msusi hakufukuzwa, kazi ilikuwa imeongezeka. Jumapili, siku yake ya mapumziko, alimkuta mama yake mbele ya televisheni. Mama alikuwa ameliona jeneza, ametupia udongo kwa mkono wake mwenyewe, na chozi halijamtoka.

"Mama, tulimzika Alhamisi."

"Hajasema," mama alijibu bila kugeuka. "Jambo kubwa hivyo, angesema."

Taarifa ilipokwisha, mama akainuka, akafunika chakula cha bintiye mdogo, akakisogeza karibu na jiko kisipoe.