Waya wa Mizinga Minne

Mgeni alifika na pikipiki nyekundu, mama na mimi tukiwa uani tunamenya karanga. Alizima injini, akauliza kama hapo ndipo kwa Kalisti, kijana wa nyuki. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope la barabara ya Mpanda.

"Ndiye mimi," nilisema.

"Naitwa Rafaeli, nami nilisoma chuo chako cha nyuki, natoka kwenye mradi wa misitu, Sumbawanga. Uliandika barua mwezi wa kumi na mbili. Mizinga thelathini ya masanduku, ishirini na miwili ina nyuki. Tunatafuta bwana nyuki wa huku. Nikaona nije bila taarifa, maana barua nzuri tunapata nyingi."

Akacheka. Mama naye akacheka, akakimbilia maji ya mgeni. Mimi sikuweza. Barua ile ilikuwa kweli siku niliyoiandika. Sasa ilikuwa Mei.

Siku ya mwisho chuoni, mwaka 1996, mkufunzi alitugawia karatasi tuandike malengo. "Wekeni namba na tarehe," alisema. Niliandika: mizinga thelathini ya kisasa Kasokola kabla ya Krismasi, kazi ya bwana nyuki ndani ya mwaka mmoja, halafu diploma. Nyumbani niliibandika ukutani kwa uji, juu ya kitanda, nikawa naisoma kila asubuhi kabla ya kusali.

Wa kwanza kunikubalia nimbadilishie mizinga alikuwa shangazi Pelagia. Mumewe, Bartolomeo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha mizinga kumi na mmoja ya magome juu ya miti, yote aliitundika kwa mikono yake. Watoto wao walikuwa mbali na hapakuwa na wa kupanda. Nilimwambia mizinga yangu inakaa chini, usawa wa kiuno, hata mwanamke anarina asali bila kupanda mti.

"Na nyegere je?" aliniuliza. "Chuoni kwenu hawamjui?"

"Tunaining'iniza kwa waya, shangazi. Mzinga unabembea, hapati pa kukanyaga."

Nikapanda. Nilishusha mizinga ya Bartolomeo mmoja baada ya mwingine, nikaipasua, nikahamishia nyuki kwenye masanduku. Magome yalikuwa makavu. Shangazi aliyapikia mboga.

Lakini waya niliokuwa nao ulitosha mizinga minne tu. Ile minne niliitundika shambani kwetu, karibu na mto. Mingine ilitakiwa isubiri waya mwingine uletwe na treni. Wiki zikapita, waya haukuja, Krismasi ikakaribia. Basi nikachimbia nguzo za panda, nikaiweka mizinga iliyobaki juu yake, ya shangazi ikiwemo, nikijiambia kwamba waya ukifika nitaitundika. Nikaenda chumbani, nikaweka alama ya vema kwenye lengo la kwanza.

Februari nyegere walikuja. Kwa shangazi hawakuacha hata mzinga mmoja. Asubuhi tulikuta masanduku yameangushwa, masega yametafunwa pamoja na watoto wa nyuki. Nilianza kueleza habari za waya. Akanikatiza.

"Nakuomba kitu kimoja, baba. Wenzako wa chuo wakija, walete kwangu kwanza, kabla ya kwingine kote. Wayaone haya, wasije wakamfanyia mwingine."

"Nakuahidi, shangazi."

"Utasahau. Nyie wasomi mna mambo mengi."

Sasa mwenzangu wa chuo alikuwa uani anakunywa maji, na mama alikuwa amenishika mkono jikoni.

"Mpeleke mtoni," alininong'oneza.

"Nilimwahidi shangazi."

"Kwani nimesema umdanganye? Muoneshe ile minne, imejaa asali. Mingine sema iko mbali, kuna tope. Ukishapata kazi, si utamtengenezea Pelagia hata mia? Kalisti, umekaa mwaka mzima unamenya karanga."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na hoja. Kwa mshahara wa mwezi mmoja ningepata waya wa kutosha kijiji kizima. Nilitoka jikoni sijajua nitakwenda njia gani, na njia panda haikuwa mbali.

"Dukani wameniambia mizinga yako mizuri iko mtoni," alisema Rafaeli tulipofika hapo. "Kushoto, siyo?"

"Ipo. Lakini tunaanza upande wa kulia, kwa shangazi."

Shangazi alikuwa anapepeta mpunga. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka tumbo.

"Huyu ndiye mwenzako wa chuo? Mnene hivi, mti anapandaje?"

Rafaeli aliangua kicheko. "Siku hizi hatupandi, mama. Mizinga inakaa chini."

"Nimeisikia hiyo," alisema shangazi, akaweka ungo, akatutangulia.

Masanduku yote kumi na moja yalikuwa pale pale yalipoangukia, majani yameota kupitia kwenye mipasuko. Shangazi hakuwa ameondoa hata moja. Juu ya miti, kulabu za Bartolomeo za kutundikia mizinga bado zilikuwa zinaning'inia. Rafaeli aliinama, akatikisa nguzo moja ya panda.

"Nani aliweka hivi?"

"Mimi."

"Hukufundishwa waya?"

"Nilifundishwa. Ulitosha minne tu, ile ya mtoni. Nilitaka ifike thelathini."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifunga daftari bila kuandika kitu, akatazama mawingu, akasema ya mtoni ataiona siku nyingine, mvua isije ikamkuta njiani. Alimuaga shangazi kwa heshima. Tulimsikiliza mpaka mlio wa pikipiki ukapotea upande wa Mpanda.

Shangazi alirudi kwenye mkeka wake, akachukua ungo. Hakuanza kupepeta.

"Mtoni hamkupita kwanza?"

"Hapana, shangazi."

"Mama yako atakasirika."

"Ameshakasirika. Alituona tukikata kona ya huku."

Akaweka ungo chini. Kisha akanisogezea kigoda.