Kompyuta ya Dorcas Siku ya Maziko

Haya nilielezwa na Esteri, kiangazi cha mwaka tisini na nane, tukipura maharage kwangu Kibondo. Mengine sijayaelewa mpaka leo. Nayaandika kama alivyoyasema.

Esteri alipotezana na binti yake Niyitegeka walipokimbia vita Burundi. Mama akaangukia kambi ya Nduta, mtoto akaonekana Nyarugusu, upande wa Kasulu. Ofisi ya kutafuta watoto, pale Kibondo, ikamwambia gari litakwenda Ijumaa kuwachukua watoto. Ila bila karatasi yenye picha ya mtoto kule hawamtoi, na gari jingine haijulikani lini.

Ijumaa akafika mapema. Mezani kompyuta tatu, zimeungwa kwa waya. Crispin, mtumishi aliyetoka Moshi, anabonyeza huku anajikuna kichwa.

"Mama, picha ya mtoto wako iko kwenye kompyuta ya mwenzangu Dorcas. Ameizima, yuko msibani. Jirani yake anazikwa leo."

"Si zimeungana? Itoe kwenye hiyo yako."

"Zimeungana ili ziazimane. Kila moja ina vyake. Iliyozimwa haiazimi."

"Basi mwambie mkubwa wao."

"Mkubwa wa nani?"

"Wa hizi kompyuta."

"Hazina mkubwa, mama. Zote ziko sawa."

Esteri akazitazama. "Ndiyo maana mmekwama. Iwashe wewe."

"Inadai neno la siri, na analijua Dorcas peke yake."

Akaenda msibani kwa miguu. Dorcas alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Esteri akamwomba akaiwashe kompyuta yake.

"Mama, unajua siku ya maziko hatushiki jembe," Dorcas akasema kwa sauti ya chini. "Lile ndilo jembe langu. Nikiligusa leo, nitawatazamaje hawa?"

Esteri akakubali, maana hata kwao Burundi ni hivyo hivyo. Akakaa, kichwa kimejaa nyaya. Baadaye akauliza, "Jirani akichuma kisamvu shambani kwako leo, utasemwa umelima?"

"Hapana. Amechuma yeye."

"Basi wewe fungua tu. Crispin achume akiwa kwenye kompyuta yake. Huyo ametoka Moshi, jembe letu halijui."

Wanawake wakaficha vicheko kwenye khanga. Mjane mwenye msiba akasema, "Nenda ukafungue, Dorcas. Urudi kabla hatujazika."

Dorcas akawasha, akaandika neno lake, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Crispin akabonyeza upande wake. Mashine ya kuchapa ikakoroma, ikatoa karatasi yenye uso wa Niyitegeka.

"Imepita wapi?" Esteri akauliza.

"Kwenye waya."

"Nimeutazama waya muda wote. Haukutikisika."

Crispin akacheka, akakimbiza karatasi kwa dereva.

Jumamosi jioni Niyitegeka akashushwa Nduta. Akala, akamkagua mama yake usoni, akauliza, "Picha yangu wameibakiza?"

"Iko kwa Dorcas. Na kwa Crispin pia."

"Yote nzima, kwa wote wawili?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Sasa ni ipi ndiyo mimi?"

Esteri akamvuta kwenye blanketi, akamshika mguu. Mtoto akalala kwanza. Mama akabaki akisikiliza pumzi yake, hajauachia ule mguu, mpaka naye usingizi ukamchukua.