Samli na Sangara

Mama mkwe haambiwi hapana, na hapo ndipo Georgina alipoponzeka. Mara mbili alitotolesha kambale hapo kijijini Ijumbi, na mara mbili Kokwijuka, mama wa mumewe, alimletea kibuyu cha samli.

"Watoto wangu wote nimewakuza kwa samli," alisema, "sembuse hivi vidudu vyako!"

Georgina alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akaichanganya na unga wa dagaa kuwalisha vitoto. Baridi ya alfajiri ikaigandisha juu ya maji. Vitoto havikula. Vikafa maelfu kwa maelfu, na yeye akalia mpaka macho yakavimba. Heshima nyingine inaua, jamani!

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho. Kibanja, shamba lile la migomba, ni cha Kokwijuka, naye alishatamka: vikifa tena, bwawa linafukiwa, migomba inarudi.

Basi Georgina akapanda gari hadi Bukoba mjini, akanunua mafuta ya tumbo la sangara, yale ya njano. Akayayeyusha. Jioni akaweka vifuniko viwili vya chupa dirishani, kimoja samli, kingine sangara. Asubuhi samli ilikuwa ngumu, mafuta ya sangara bado yanatiririka. Hakuhitaji mwalimu tena.

Kibuyu cha tatu nacho kikaja. Akapiga magoti, akapokea, akashukuru, kisha akaimimina samli yote kwenye ndizi za mchana. Mkwe akala, akalamba vidole, akasifu.

Siku ya kumi tangu vitoto vya mara ya tatu vitotolewe, Kokwijuka akaja kukagua, akaziba pua.

"Mbona hapa pananuka sangara?"

Georgina akatamani kudanganya. Lakini uongo una mwisho wake.

"Mama, nisamehe. Hawa wanakula mafuta ya sangara. Samli yako tuliila sisi na ndizi."

Kokwijuka akasogelea mabeseni ya vitoto. Akainama, akachovya kidole kwenye la kwanza. Vitoto vikatawanyika, vinene, vyeusi, vingi hata maji hayaonekani. Akatazama beseni la pili, la tatu, la nne. Yote yanachemka uhai!

"Kumbe samli yangu ilifika kwa wenye meno!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kasinge, hongera mwanangu! Umenishinda!"

Kisha akamgeukia mwanawe Audax, aliyekuwa amesimama na jembe, tayari kufukia.

"Unashangaa nini? Ng'oa ile migomba mitatu ya pembeni. Bwawa la mke wako ni dogo."