Kitabu cha Picha Arobaini

Fundi Hemed hakumruhusu mtu kugusa kitabu kabla hajanawa kwa sabuni. Aliweka beseni juu ya kigoda mlangoni mwa duka lake la kujalidi vitabu, Bondeni, na taulo kwenye msumari. Hata waliotoka msikitini na udhu wao, wakileta Msahafu kutiwa jalada jipya, walinawa tena. Walimtania kwamba anaosha watu kuliko waosha maiti, naye hakujali. Mwaka ule wa 1954 upepo ulileta Nakuru vumbi la magadi kutoka ziwani, na vumbi hilo likishaingia kwenye karatasi halitoki ila kwa mkate. Hemed alichukua mkate wa juzi, akatoa sehemu nyeupe ya ndani, akaifinyanga, kisha akasugua ukurasa taratibu mpaka uchafu ukashikwa na chembe.

Mteja wake mkubwa alikuwa Bwana Pelham, mzungu mwenye shamba la ngano upande wa Njoro. Wazungu wenzake walikusanya pembe za wanyama. Yeye alikusanya vitabu vya kale, vipana kama sinia la pilau, vyenye picha zilizochapwa kufuatisha michoro ya mafundi wakuu wa Ulaya: mkono wa mzee, mgongo wa mchukuzi, mwanamke aliyeinama, vyote kwa wekundu wa chaki. Kimoja alikipenda kuliko vyote. Kilikuwa na picha arobaini, na mwishoni orodha ya hizo arobaini, maana kitabu cha namna hiyo kikipungukiwa na picha moja kimekwisha heshima. Kila kilipoletwa kushonwa, Hemed alihesabu kwanza.

Mwezi wa nne alihesabu akapata arobaini na moja. Akahesabu tena. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Kinyanjui, dereva wa trekta wa Bwana Pelham. Jumatatu iliyopita Kinyanjui alikuwa amepakiwa kwenye lori la polisi, baada ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho kumtikisia kichwa, ishara kwa polisi kwamba achukuliwe. Sasa alikuwa amechorwa kwa chaki nyekundu, ameketi chini, mikono kisogoni. Karatasi ilikuwa ya kale kama nyingine, na mshono ulishika vizuri. Hemed aliandika 41 kwenye kidaftari chake, akaendelea kupika gundi.

Bwana Pelham alikuja, akanawa, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Hii hapana kwa orodha," akasema. "Mzuri sana. Tazama bega. Hii kazi ya fundi mkubwa."

"Ni Kinyanjui, Bwana."

"Kinyanjui ni mtu ya trekta," Bwana Pelham alisema kwa upole, kama anamsahihisha mtoto.

Kinyanjui alikuwa amepita chini ya dirisha la Bwana Pelham kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kutazamwa hata nusu ya muda ambao bega lake lilitazamwa siku ile.

Kufikia mwezi wa sita picha zilikuwa hamsini na tatu, kila mpya ya mtu aliyepakiwa kwenye lori. Mgongo wa kitabu ulikuwa umefura, ikabidi kikae dukani ili ushonwe upya. Wake za waliochukuliwa wakasikia. Walikuja baada ya alasiri, wakanawa, wakaketi kwenye benchi kungoja zamu, na Hemed akamfungulia kila mmoja ukurasa wake. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Walitaka habari.

"Amekonda, fundi," mke wa Kinyanjui alisema wiki moja, na ilikuwa kweli. Mbavu zilikuwa zimeongezwa. Mwenzake alirudi nyumbani amefurahi, kwa sababu mumewe alikuwa amepata blanketi. Wote waliondoka mapema, kafyu isiwakute njiani.

Hemed alikuwa na hofu yake mwenyewe. Karatasi za mkewe, Mastura, zilisema amezaliwa Lamu. Alizaliwa Embu, akaitwa Wawira, na katika usichana wake ndewe za masikio zilitobolewa na kutanuliwa kwa desturi ya kwao. Walipooana, Hemed alizishona mwenyewe kwa uzi wa hariri wa vitabu. Mshono ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa mshono, na polisi, waliokuwa wakiwakamata watu wa kwao, walikuwa wamejifunza kutazama masikio. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, Mastura hakuvua mtandio hata mbele ya kuku.

Siku ya Jumanne picha ya hamsini na nne ilianza. Lilikuwa sikio tu, la kushoto, na ndewe yake ilikuwa na alama saba za sindano. Hemed alizihesabu. Akafunga mlango, akachukua mkate, akasugua mpaka karatasi ikawa nyeupe.

Nyumbani alimkuta Mastura anakanda unga, mtandio umeteremka. Upande wa kushoto, mahali pa sikio, palikuwa laini kama shavu.

"Umefanya nini, fundi?" Alimwita hivyo tangu harusi.

"Nimesafisha."

"Haya," akasema, akamgeuzia sikio la kulia ili wazungumze.

Jumatano lilichorwa sikio la kulia, na chini yake mwanzo wa kidevu. Hemed alifinyanga mkate, akashindwa kuuteremsha. Akaubeba nyumbani kwenda kuuliza.

"Leo sikio," Mastura alisema. "Kesho mdomo, keshokutwa macho. Utanifuta mpaka lini?"

"Mpaka waondoke."

"Hawaondoki. Wakinichukua wao, utanitafuta. Ukinifuta wewe, nani atanitafuta?"

Hemed alilia. Mastura akachukua ule mkate mkononi mwake, akatengeneza chai, wakaula.

Lori lilikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Askari alimvua Mastura mtandio mbele ya mtu wa gunia, na sikio moja lilitosha. Hemed alirudi dukani, akanawa, akafungua ukurasa wa hamsini na nne. Mkewe alikuwa amekamilika, ameinamisha kichwa kidogo, sikio la kulia mbele, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Jumamosi Bwana Pelham alifika na gari. Picha hiyo aliitazama kuliko zote.

"Sikio moja," akasema. "Fundi mkubwa aliacha kusudi."

"Ni mke wangu, Bwana."

"Hapana, Hemed. Hii ni ya kale."

"Niachie wiki moja zaidi."

"Kazi kwisha. Kitabu nakaa kwa kabati ya kioo sasa. Hapana fungua-fungua." Alikikumbatia kitabu mpaka mlangoni, kisha akasimama. "Unaweza ongeza karatasi? Nyeupe, huku nyuma. Ishirini. Kama ingine nakuja."

Hemed alilielewa swali hilo lote, pamoja na watu ambao wangechukuliwa ili karatasi hizo zijae. Aliitazama mikono ya Bwana Pelham, ilikuwa safi kabisa.

"Naweza," akasema. "Lakini nitahitaji wiki mbili."

Kitabu kikarudi mezani. Hemed alikata karatasi ishirini, akaanza kuzishona kwa uzi uleule wa hariri, polepole kuliko alivyowahi kushona. Kila baada ya mshono alirudi nyuma kumtazama Mastura. Alikuwa amekonda kidogo. Wanawake walikuja alasiri, wakanawa, wakangoja zamu zao.

Jumatatu karatasi ya kwanza haikuwa nyeupe tena. Palikuwa na magoti mawili na ukingo wa suruali ya kazi. Hemed aliyatazama mpaka akayatambua, kisha akatoka nje, akasogeza kiti kimoja kando ya benchi, maana mke mwingine angekuja kungoja zamu.