Mstari wa Chaki Jukwaani

Mwanzoni mwa mwaka 1996 ofisa wa kumbi za mtaa, bwana mmoja aitwaye Gichuru, aliniita akaniambia kwamba klabu yetu ya tenisi ya meza imebakiwa na miezi miwili. Alikuwa amepita ukumbini Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara alikuta wachezaji sita na watazamaji wanne, mmoja wao amelala. Kulikuwa na mtu wa vidio aliyeutaka ukumbi huo, naye aliahidi kuujaza kila siku. Gichuru hakuwa mtu mbaya. Alisema nikimwonyesha ukumbi uliojaa watu, hata siku moja tu, ataandika kwamba klabu ibaki.

Nilikuwa katibu wa klabu hiyo tangu 1971, nikiwa bado karani wa stoo katika reli. Katika yote niliyoyaanzisha Makongeni, mtaa wetu wa wafanyakazi wa reli, hiyo ndiyo iliyodumu. Sikuwa tayari kuiona ikigeuzwa pahali pa sinema za kung-fu.

Nilikaa siku nne na daftari. Nilikuwa nimesoma magazetini kwamba hata ng'ambo wakubwa wa mchezo huu wanalalamika: mpira ni mdogo na unakwenda kasi mno, watazamaji hawauoni, na seti za pointi ishirini na moja zinawachosha. Wengine walitaka mpira mkubwa zaidi. Mpira mkubwa nisingeupata popote, lakini mengine niliyaweza. Nikaandika kwamba seti ziishie pointi kumi na moja. Meza ipakwe rangi ya buluu. Watu waruhusiwe kupiga kelele mchezo ukiendelea, ingawa miaka yote tulikuwa tumewataka wanyamaze kama wako kanisani. Na meza ipandishwe jukwaani, ili hata aliyekaa nyuma kabisa aone.

Jukwaa lilikuwa dogo. Nililipima mwenyewe: nyuma ya meza, kila upande, zilibaki hatua tatu. Upande wa kushoto ulikuwa na ukuta. Upande wa kulia ulikuwa na ngazi tano za saruji zinazoshuka hadi stoo, bila kitu cha kushikilia. Kwa hiyo nikaongeza kanuni ya tano, ambayo niliionea fahari kuliko zote. Mstari wa chaki utachorwa hatua mbili nyuma ya meza, na mchezaji akiuvuka, refa atapiga filimbi na pointi itakwenda kwa mwenzake. Watu wasingeanguka, na tena wangelazimika kucheza karibu na kwa haraka, jinsi watazamaji wanavyopenda.

Wanachama wote waliikubali isipokuwa Wabwire.

Wabwire alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mtu wa Samia kule Busia, rafiki yangu wa miaka ishirini na mitano. Alicheza kwa kujihami. Alisimama mbali na meza, futi kumi hata kumi na mbili, akaukata kila mpira kwa chini ukarudi polepole kama kitu kilicholowa maji, mpaka aliyekuwa akimshambulia akachoka mkono. Alipoisoma kanuni ya tano aliniuliza kama nimesahau anavyocheza.

"Karani, miguu yangu haijui kuhesabu hatua," alisema. "Macho yangu yako kwa mpira. Miguu inajiendea."

"Ndiyo maana kuna filimbi. Miguu ikisahau, mimi nitaikumbusha."

Aliigeuza karatasi, akatazama upande wa nyuma usioandikwa kitu, akanirudishia. "Haya. Nitakusikiliza wewe."

Nilimhitaji. Hapakuwa na nyumba ya reli ambayo haikumjua, nami nilitaka acheze na Everline, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu aliyeuza mitumba katika soko la Gikomba. Everline alijifunzia mchezo hapo hapo ukumbini, na alikuwa akiupiga mpira kana kwamba umemtukana mama yake. Nilibandika matangazo kote mtaani, hadi kwenye milango ya mabucha ya Soko la Burma.

Jumamosi ya mchezo, kufikia saa nane ukumbi ulikuwa umejaa. Waliokosa viti walikaa madirishani. Gichuru alikuja na karani wake, wakaketi mstari wa mbele. Mimi nilikuwa refa.

Katika seti ya kwanza nilimpigia Wabwire filimbi mara nne. Kila mara alitazama chini, akiishangaa miguu yake kama ya mtu mwingine, na watu wakacheka.

"Huyo anarudi Busia kinyumenyume!" kijana mmoja alisema kutoka dirishani.

"Mwacheni mzee, anatafuta pensheni yake huko nyuma," mwingine akamjibu.

Wabwire mwenyewe alicheka. Alishindwa kumi na moja kwa sita. Seti ya pili alijizuia, akabaki mezani akisukuma mpira mfupimfupi, akashinda. Lakini ulikuwa mchezo mkavu. Kelele zilipungua, watu wa nyuma wakaanza kuzungumza mambo yao, na nilimwona Gichuru akitazama saa.

Seti ya tatu walibadilishana pande Everline alipofika tano, kama ilivyo desturi ya seti ya mwisho, na Wabwire akaja upande wa ngazi. Wakafika tisa kwa tisa.

Everline alipiga mpira mkali kushoto. Wabwire akarudi hatua moja, akaukata. Everline akaupiga kulia. Akaukata. Mpira wa nne ulipokuja alikuwa ameuvuka mstari. Niliona kisigino chake kikifuta chaki. Filimbi ilikuwa katikati ya meno yangu.

Sikuipiga. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Sikuwa nimewahi kuona watu wakisimama kwa ajili ya mchezo wetu. Gichuru naye alisimama, mikono kichwani, na karani wake amemshika bega. Huyu ndiye Wabwire niliyemjua, mgongo umeinama, raketi ikishuka kama panga la mtu anayefyeka bila haraka, na mpira unarudi tu. Mpira wa saba, wa tisa. Nilijiambia mmoja zaidi, kisha nipige. Nilijiambia hivyo zaidi ya mara moja.

Everline aliruka akaupiga kutoka juu kwa nguvu zake zote. Wabwire akarudi nyuma ili aupate vizuri, na akaupata. Mpira ulipanda, ukaelea, ukatua kwenye kona ya meza, lakini Everline alikuwa ameshaitupa raketi na kuliita jina la Wabwire. Upande wa pili wa meza hapakuwa na mtu.

Watu walipiga makofi. Waliokaa nyuma waliona mpira ukirudi na mzee akitoweka, wakadhani ni mzaha uliopangwa. "Rudisha! Rudisha hiyo!" walisema, kama watu walio kwenye vidio, huku sisi tukishuka ngazi kumwinua.

Tulimbeba kwa benchi. Gichuru alinifuata nje, akasema pole kwa ajili ya mzee, na bila kunitazama akaongeza kwamba barua ataiandika Jumatatu. Aliiandika.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika mahali pawili. Nilipofika hospitalini, Nasike, mke wake, aliinuka akaniachia kiti, akatoka bila kunisalimu. Wabwire alikuwa amelala chali. Kwa kawaida aliniita Karani. Siku hiyo aliniita jina langu.

"Phares. Niliuvuka mstari?"

"Uliuvuka."

"Mipira mingapi kabla?"

Ningeweza kusema sikuhesabu. "Minane," nikasema.

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema.

Niliichukua kofia yangu nikatoka.

Everline nilimfuata Gikomba kumwomba acheze tena. Alinisikiliza huku akikata kamba za robota la nguo, kisha akaniambia, "Mzee, kwa heshima yako, mimi pale juu sipandi tena." Akaanza kupanga sweta za watoto.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa kabla ya saa saba. Nilikuwa na wachezaji wawili wa kawaida tu, na nilikuwa nimechora chaki upya. Bwana mmoja asiye wa mtaa wetu, aliyekuja na wanawe wawili, alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama yule mzee wa kuanguka atacheza leo. Nikamwambia hachezi.

"Sasa ni nani atasimama upande ule wa ngazi?" akauliza.

Nilimwonyesha viti vilivyobaki, upande wa kulia, mahali panapoonekana vizuri, nikamwambia awahi kuketi.