Pikapu Kutoka Mkongeni

Kamati ya ushirika wa mboga wa Gare ilikuwa na magari mawili ya kuchagua, na moja hakuna aliyekuwa ameliona. Hilo lilikuwa jipya. Liko Tanga au bado liko melini, nani ajuaye. Jina la kijiji lilikuwa limeshaandikwa kwa wakala, tukaambiwa tungoje mpaka mvua za vuli zipite. La pili lilikuwa pikapu kuukuu ya shamba moja la mkonge kule chini Korogwe, ambalo mzungu wake alikuwa anafunga masanduku kabla hawajamtaifisha. Hiyo ilikuwa tayari. Ungeweza kuigusa.

Mimi nilisema tungoje jipya. Tobia, mtoto wa marehemu kaka yangu, ndiye aliyekuwa dereva pekee kijijini; alijifunza gari kwa kuanza utingo kwenye malori ya Lushoto. Gari lolote litakalonunuliwa, atakayeshika usukani ni yeye, na njia ni ile ya kutoka Soni kushuka Mombo: upande huu mwamba, upande ule korongo na mto. Babu zetu waliichimba njia ile kwa kiboko cha Mjerumani, na waliobaki humo hakuna aliyewaandika popote. Sikuhitaji mtu wa Tanga aje kunieleza ilivyo.

Mtu wa Tanga alikuja. Bwana Darweshi, ofisa wa maendeleo, kijana mwenye viatu vya kung'aa, aliwaambia wanakamati kwamba gari jipya kwa kijiji kinachoanza ni tamaa ya kibwanyenye, na kwamba Azimio linatutaka tujitegemee kwa kilichopo. Aliyasema hayo akiwa amefika kwa gari la serikali ambalo viti vyake bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani. Nikamuuliza kwa nini kujitegemea kila mara kunaanzia kwetu.

"Mgoshi," akasema, akiniita bwana kwa Kishambaa chetu, "wewe ulimpinga mkoloni kwenye matuta, tukakusifu. Sasa mkoloni kaondoka, umekosa wa kumpinga, unapinga hata magurudumu?"

Watu wakacheka. Nathanaeli naye akacheka, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, katekista wa zamani, mtu mwenye sauti ya kujaza kanisa. Nilimkumbuka wakati wa matuta ya lazima ya Mwingereza. Sisi tulipokamatwa kwa kukataa kuchimba, yeye alikuwa anachimba. Sikulisema hilo siku ile. Nalisema sasa.

Nathanaeli akasema hakuna haja ya kugombana, gari litajaribiwa kama tunavyojaribu ng'ombe. Hapo wazee wote wakaitikia, maana jambo hilo walilijua. Sisi wa milimani hatununui ng'ombe aliyesimama. Tunampandisha kilima kwa haraka, tunatazama pumzi, tunatazama magoti, na akifika juu hajatoa ulimi, mwenye ng'ombe analipwa. Ndivyo baba zetu walivyofanya na hakuna aliyepata hasara.

Basi wakashuka Soni kumngoja dereva wa mkonge. Jina lake Sheshe, mtu mpole, mwenye haraka ya kurudi kwao. Wakapakia mawe nyuma, wazee wakapanda juu ya mawe, na ile pikapu ikapanda. Siwezi kusema uongo: ilipanda. Ilipanda mpaka Gare bila kukohoa, wanawake wakatoka mashambani na majembe yao kupiga vigelegele, na Nathanaeli akaupapasa ubavu wa gari kama anavyopapasa fahali.

Nikamwendea Sheshe nikamuuliza kama gari hili limewahi kufanya kazi mlimani. Akaniambia hapana, mzee, tangu lije limetembea kwenye mkonge tu, na mkonge ni uwanda, ukiachia mafuta linasimama lenyewe. Aliyasema kwa kulisifu gari. Nami nikawageukia wazee, nikawaambia mmesikia? Mzigo wetu haupandi. Kabichi zinashuka, viazi vinashuka, gari linarudi tupu. Lishusheni na mawe yaleyale mpaka Mombo, ndipo tuzungumze.

"Kushuka?" Nathanaeli akasema. "Hata jiwe linajua kushuka."

Wazee wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoinunua ile pikapu. Bwana Darweshi akaandika, Padri akaja akainyunyizia maji ya baraka, na jina letu kule kwa wakala likafutwa.

Safari za kwanza zilikuwa za mizigo midogo, na Tobia alirudi salama. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama anavyoteremka kwenye gari. Alikuwa akiteremka kama mtu aliyebeba gunia, anakaa kidogo ukingoni, anainyoosha miguu. Nikamuuliza. Akasema ukifika kona za chini pedeli inakuwa laini kama tope, unaikanyaga mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya tatu inakumbuka. Mombo akifika magurudumu yananuka kuungua. Alikuwa ameshamwambia mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amemwambia apampu, madereva wote wanapampu, vipuri vitaagizwa msimu ukiisha.

Nilimwambia akatae. Nilimwambia mbele ya Raheli mkewe, ili asije akasema hakusikia. Tobia alikuwa anakula, akaweka tonge chini.

"Nikikataa, baba mdogo, watamtafuta dereva wa nje," akasema. "Tena watampa mtu asiyejua kwamba breki hazipo. Mimi angalau najua. Nashuka na gia nzito, polepole."

"Na gia ikiruka?"

Akanawa mikono. Raheli akaondoa sahani.

Kisha ikaja Saba Saba. Bwana Darweshi alitaka mboga za Gare zionekane kwenye maonyesho Tanga, na kwaya ya Gare iimbe mbele ya wakubwa, na vyote hivyo vifike kwa gari la kijiji, ili watu waone kujitegemea. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Walipakia kabichi, juu ya kabichi viazi, juu ya viazi wakaweka mikeka, na juu ya mikeka wakapanda wanawake wa kwaya, wamevaa sare, wanacheka kwa baridi. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Tobia alilizunguka gari akiligusa kila gurudumu kwa kiganja, na hakumtazama mtu usoni.

Nikapanda kwenye gurudumu la nyuma, nikawaambia wale wanawake habari za breki, kwa Kishambaa, bila kuzunguka. Nathanaeli, aliyekuwa ameshakaa mbele kando ya dereva, akatoa kichwa dirishani akasema huyu anawatia hofu wake za watu, huyu ni kupe, huyu hataki Gare ionekane. Nikamwambia niite unavyotaka, lakini mwulize dereva wako. Wanawake wakamgeukia Tobia.

Tobia akasema taratibu, "Shukeni, mama zangu. Nendeni kwa miguu, nitawangoja Mombo."

Wakashuka. Raheli alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye dirisha la mumewe, na walichosemezana sikukisikia. Nathanaeli hakushuka. Alikunja mikono kifuani akatazama mbele, na nakiri kwamba kwa dakika ile nilimheshimu: nilidhani, huyu amekosea lakini anakwenda na kosa lake.

Gari likaondoka. Sisi tukachukua njia ya miguu ya kukatia Soni, wanawake wakiwa wamepandisha sare zao zisiguse umande, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Ukungu haukutoka. Nilijua kwamba Tobia atasimama Soni, maana kulikuwa na matunda ya kuongeza, na nilikuwa nakaza mwendo nimkute. Nilikuwa nimeazimia kuchukua ufunguo. Wangenipeleka polisi, na polisi nilikuwa napajua.

Tulipotokea Soni, gari lilikuwa limeondoka punde tu. Wachuuzi walikuwa bado wanaokota matunda yaliyodondoka barabarani. Na kwenye kibanda cha chai, kikombe mkononi, shingo imezungushwa kitambaa, alikuwa ameketi mwenyekiti wetu Nathanaeli.

Nilimtazama, naye akatazama chai. Raheli ndiye aliyemwamkia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umeteremka?"

Akasema kifua kinambana kwa baridi, ameona afadhali angoje basi, basi lina vioo. Akasema Tobia ni dereva mzuri. Akalisema tena. Raheli alibaki amesimama pale mbele yake, na wale wanawake wengine wakaketi mmoja mmoja ukingoni mwa barabara, kama watu walioambiwa wangoje.

Kwenye njia ile madereva hupiga honi kila kona, kumwonya anayepanda. Tulimsikia Tobia chini kwenye ukungu. Honi fupi, kisha kimya. Honi fupi, mbali kidogo. Mwenye kibanda alikuwa anamimina chai, akauliza nani mwingine anataka. Honi nyingine, na hii ikaja upesi mno baada ya ile ya kabla. Kisha nyingine juu yake. Kisha ikaanza moja ambayo haikukatika.

Ilikuwa ndefu, iliteremka nayo korongo zima, ikijificha nyuma ya mwamba na kutokea tena, kila mara ikiwa chini zaidi. Wanawake walikuwa bado wanatazamana. Raheli alikuwa amegeuza sikio, midomo wazi, kama anayejaribu kusikia jina. Mimi mwenyewe, niliyeyasema yote haya, nilikuwa bado najiambia kwamba anamwonya mtu, ni basi tu linapanda.

Nathanaeli hakungoja honi iishe. Kabla ya mke wa mtu, kabla yangu, kabla ya yeyote pale Soni kuelewa, yeye alikuwa ameshaweka kikombe chini, ameshasimama, na ameshavua kofia, kama makaburini.