Mche wa Mwisho wa Shangazi

Naandika mbio mbio, mtanisamehe.

Shangazi yangu alikuwa na aina ya viazi vitamu ambayo hakuna mwingine aliyebaki nayo. Mwaka juzi virusi vikafagia shamba zima. Ukasalia mche mmoja, nao majani yamejikunja. Nikaubeba hadi maabarani kwetu kazini, tunakogandisha ncha za mimea ili aina za chakula zisipotee.

"Hatuhifadhi wagonjwa," akasema bosi, tunayemwita Mzee Kanuni.

"Basi tuutibu!" Chuoni nilisoma kwamba baridi kali huua sehemu zenye virusi, ikabaki ile ncha changa kabisa ambayo havijaifikia.

Akanitazama weee. "Ukishindwa, pipa langu la kugandishia usiliguse tena."

Shangazi naye kwenye simu: "Yaani kiazi changu unakitia kwenye friji?"

"Si friji, shangazi. Ni hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri."

"Ndiyo umeniua kabisa!"

Nikauzidisha mche kwenye chupa, kisha nikakata ncha arobaini chini ya darubini, kila moja ndogo kuliko kichwa cha pini. Nikazigandisha, nikaziyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, nikazilaza gizani kwenye visahani vya jeli. Wiki ya kwanza zikawa kahawia. Ya pili, nyeusi tii. Ya tatu nikajifungia chooni nikalia. Ya nne, vitone vitatu vya kijani!

"Tatu kati ya arobaini," Mzee Kanuni akaguna. "Na hatujui kama zimepona."

Tukazikuza miezi mitatu, tukapima majani. Majibu yametoka leo: zote tatu safi, hakuna kirusi hata kimoja!

Mzee Kanuni akasoma karatasi, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Zidisha," akasema. "Nusu ziingie kwenye pipa, zikae miaka hata hamsini. Nusu mpelekee mwenyewe." Halafu akacheka! Kumbe ana pengo.

Nikampigia shangazi.

"Sema haraka, nimekaa chini," akasema.

"Vimepona, shangazi! Vimepona kabisa!"

Nikasikia ukelele, halafu akimfokea mumewe: "Wewe, amka! Ng'oa hayo magugu shamba la chini, viazi vyangu vinarudi nyumbani!"

"Shangazi, miche itakuwa tayari baada ya miezi minne..."

Naongea na nani? Simu kaiacha mezani, nasikia jembe linaburutwa kuelekea mlangoni.